Kucheza na mapistoni: penye inasaidia, penye inaumiza, na namna ya kuipanga

Siku hizi hapa Goma makocha wengi wa ekipe za kartie wanataka kucheza na defense ya watatu na mapistoni wawili, wale wa kupanda na kushuka pembeni mechi muzima, na ninawaelewa kabisa, juu mutu akikumbuka Leverkusen ya kocha Xabi Alonso ya 2023-2024, ekipe yenye ilimaliza shampiona ya Ujerumani bila kupoteza ata mechi moja, Grimaldo ku kushoto na magoli 10 ya shampiona, Frimpong ku kulia na magoli 9, na wote wawili ni mapistoni, lazima ajisemee na mie naweka vile. Shida ni kama wengi wanaanza kupanga ekipe kwa kutafuta watoto wawili wa mbio wa kuweka pembeni, kisha wanajaza fasi zingine na wenye wanabakia. Kwangu mie ni kinyume. Hii sistemu inasimama ama inaanguka na mastopere wawili wa pembeni, yule wa kulia na yule wa kushoto mu wale watatu. Pistoni mwenye nyuma yake kuko stopere wa kutoka bila woga anakuwa silaha. Weka pistoni yule yule mbele ya stopere mwenye anabakia ameganda mu boksi, kisha mitan haifike unaona amekuwa laterali, beki wa pembeni, wa kuchoka tu.

Tuelewane kwanza juu ya maneno, juu kila mutu iko anaita vyake. Nyuma kuko watatu: libero katikati, stopere wa kulia, stopere wa kushoto. Pembeni kuko mapistoni wawili, na kila mumoja iko peke yake ku upande wake muzima, hakuna winga mbele yake na hakuna laterali nyuma yake. Hapo njo tofauti kubwa na 4-4-2 ama 4-3-3 (hizi namba zinahesabu watu kutoka nyuma kwenda mbele, bila kipa). Wengine watano unawapanga vile unapenda: watatu kati na maatakanti wawili inakuwa 3-5-2, wawili kati na watatu mbele inakuwa 3-4-3, na ile ya Alonso ilikuwa 3-4-2-1, wawili wanacheza nyuma ya atakanti mumoja. Ukipoteza mupira mapistoni wanarudi na unakuwa na mustari wa watano. Kwa hiyo mutu akikuambia anacheza 3-5-2 na mwingine anakuambia anacheza 5-3-2, mara nyingi ni ekipe moja, inategemea umeiangalia saa gani.

Sasa nguvu yake.

Ukiwa na mupira mapistoni wanapanda paka ku mustari wa mwisho wa adui, na pale mbele unakuwa na watu watano wenye wamejipanga kutoka tushi moja paka ingine. Adui mwenye anacheza na wanne nyuma anakosa mutu. Laterali wake iko na kazi mbili kwa saa moja: kufunga ndani juu kuko mutu wako amesimama kati yake na stopere wake, na kuangalia pistoni wako kule ku tushi. Akifunga ndani pistoni iko huru, akitoka kwenda kwa pistoni, ndani kunafunguka. Kama unataka kuona hii kitu vizuri tafuta mechi ya Ujerumani na Ureno ya Euro, Munich, tarehe 19 Juni 2021, yenye iliisha 4-2. Laterali wa kulia wa Ureno, Nelson Semedo, alikuwa anavutwa ndani kila saa na watu wa Ujerumani, na Gosens, pistoni wa kushoto, anafika peke yake ku nguzo ya mbali. Goli ya ine ya Ujerumani alipiga kichwa juu ya krosi ya Kimmich, na Kimmich siku ile njo alikuwa pistoni wa kulia. Pistoni anamupatia pistoni.

Ile haikukuwa bahati. Finali ya Euro ile ile, Wembley, 11 Julai 2021, dakika ya 2 tu, Trippier pistoni wa kulia wa Uingereza anatoa krosi, Shaw pistoni wa kushoto anapiga bila kuzuia mupira, goli. Angalia sababu yake: krosi ikitoka kulia, defense yote inageuza macho na mwili kule kulia, na mutu mwenye anakuja ku nguzo ya mbali anatokea nyuma ya mugongo wa laterali, yule laterali hawezi kuona mupira na mutu kwa wakati moja. Kwa hiyo kama unacheza na mapistoni na pistoni wa upande wa pili hafikake mu boksi saa ya krosi, umetupa kitu ya muhimu kabisa mu sistemu.

Nguvu ya pili iko nyuma. Adui akicheza na maatakanti wawili, wako watatu wanatoa mupira juu ya wawili, siku zote kuko mumoja huru. Na saa ya kukinga, mastopere wawili wanashika watu, libero anabakia wa kuokota mipira yenye inapita. Ukiwa na mukubwa mumoja mwenye anasoma mupira vizuri lakini miguu imeanza kupunguza, muweke libero, atakusaidia myaka ingine, wakati mu defense ya wanne angekuwa anakimbizwa kila juma.

Ya tatu, unapata watu kati bila kuacha pembeni. Mu 3-5-2 wako watatu kati, adui wa 4-4-2 iko na wawili. Hesabu yenyewe inajisema.

Lakini kuko kitu watu hawasemake, ni upana wa uwanja. Sheria za mupira zinaruhusu upana kuanzia mita 45 paka 90, na viwanja vikubwa vya mechi za kimataifa viko na mita 68. Fanya hesabu: mu mita 68, defense ya wanne kila mutu anakinga mita 17, ya watano kila mutu mita 13 na kitu. Mu uwanja wa kartie wenye upana wa mita 50, wale wanne wa adui kila mumoja anakinga mita 12 na nusu tu, maana yake wanne wake ku uwanja wetu mudogo wanafunga vizuri kushinda watano ku uwanja mukubwa. Faida ya kuwa na watu wapana inapunguka sana. Mbele ya kuamua sistemu, nenda pima uwanja kwa hatua, tushi paka tushi. Ikiwa ni mufinyu, mapistoni watakusaidia zaidi kukinga kuliko kushambulia, na itafaa ufikirie kucheza mipira ya ndani kwa maatakanti wawili badala ya kungojea krosi.

Na hapa kwetu kuko tena shauri ya mawe. Viwanja vingi vya Goma viko juu ya lava, na mara mingi upande moja unakuwa sawa, upande mwingine kunatoka vichwa vya mawe meusi, mupira unaruka vile unataka na mutoto anaogopa kuteleza. Pistoni anaishi pale pale ku tushi, kwa hiyo yeye njo wa kwanza kuumia. Sasa fikiria hivi: mitan ikifika munabadilisha magoli. Upande wa mawe wenye ulikuwa wa pistoni wako wa kushoto, kipindi cha pili unakuwa wa pistoni wako wa kulia. Kwa hiyo panga mashambulizi ifuate uwanja: kipindi cha kwanza mupira uende sana sana kwa pistoni mwenye iko upande muzuri, kipindi cha pili kwa mwenzake, na yule wa upande wa mawe mwambie acheze pasi mbili tatu rahisi, asijaribu kupita mutu pale. Mie naona makocha wanalalamikia mutoto amecheza vibaya kipindi cha pili kumbe ni mawe tu. Inaniuma, juu mutoto anatoka pale anafikiri hajue mupira.

Tuje ku udhaifu, na hapa nitakaa kidogo.

Udhaifu wa kwanza kila mutu anaujua: fasi nyuma ya pistoni. Pistoni amepanda, mumepoteza mupira, adui anapiga mupira murefu wa kukata uwanja kwenda ile fasi, winga wake anakimbia. Nani anaenda? Hii swali kama haina jibu mbele ya mechi, utapigwa. Pistoni hawezi kufika, iko mita 40 mbele. Libero akienda, katikati kunabakia wazi. Jibu ni stopere wa upande ule, na njo maana nilisema tuanze na yeye. Anatoka, anamukuta winga pembeni, na kazi yake pale haiko kunyanganya mupira, ni kumuchelewesha, amufunge asigeuke ndani, paka wenzake warudi. Wakati yeye anatoka, libero anasogea kuchukua fasi yake, stopere wa pili anasogea kuchukua fasi ya libero, na pistoni wa upande wa pili anarudi ndani anakuwa mutu wa ine. Wanatembea pamoja, sawa vile wavuvi wa ziwa Kivu wanavuta wavu: mumoja akivuta na mwingine amesimama, samaki zinatoka. Mu defense ya wanne mutu akichelewa sekunde moja unaweza kupona. Mu hii ya watatu haupone, juu kati ya stopere na stopere kuko bustani.

Udhaifu wa pili, wawili juu ya mumoja. Adui iko na laterali na winga ku upande moja, wewe uko na pistoni peke yake. Akienda kwa laterali, winga iko huru nyuma yake. Akibakia na winga, laterali anapanda na mupira paka mbele ya boksi anaangalia wapi atapiga. Kuko namna mbili za kutatua na uchague moja, usiachie watoto wachague mu mechi. Namna ya kwanza: pistoni anaruka kwa laterali, stopere anatoka kwa winga. Ni ya nguvu, unanyanganya mupira juu kule, lakini inaomba mastopere wa roho ngumu. Namna ya pili: pistoni anabakia na winga, na muchezaji wa kati wa upande ule njo anatoka kwa laterali. Haina hatari kubwa nyuma, lakini yule wa kati atakimbia kama kichaa, na kati kunabakia wawili. Kwa ekipe ya kartie mie napenda ya pili kwa kuanza, kisha mukizoea muende ku ya kwanza.

Kwa ile ya kwanza kuko siri moja ndogo ya saa ya kuruka. Pistoni anaruka wakati mupira ungali njiani kwenda kwa laterali, unatembea, haujafika. Laterali akisha kushika mupira na ameinua kichwa, umechelewa, usiende tena, rudi. Nimeona wengi wanafanya kinyume, wanangoja laterali ashike mupira kisha wanakimbia juu yake kwa hasira, na pasi moja tu inapita mugongo wao.

Udhaifu wa tatu njo unaua ekipe polepole bila watu kuona: watano wanazama. Munaongoza goli moja, mapistoni wanaanza kubakia chini, kila dakika mita moja, na mwishoni uko na watano mustari moja mbele ya kipa, watatu mbele yao, na maatakanti wawili peke yao mbali. Mukitoa mupira unarudi. Munatoa tena, unarudi tena. Ile finali ya Wembley nimesema pale juu njo mufano wake: Uingereza ilipata goli dakika ya 2 kupitia mapistoni, kisha Italia ikashika mupira, Uingereza ikazama, Bonucci akarudisha dakika ya 67 juu ya kona, na Italia ikabeba kombe ku penalti. Mechi moja imekuonyesha uzuri wote na ubaya wote wa hii sistemu.

Namna ya kujua munazama ni rahisi, simama ku tushi uangalie pistoni wako wakati adui iko na mupira kati ya uwanja. Akiwa mustari moja na mastopere wako dakika tano mufululizo, munazama. Dawa ya kwanza haiko kulalamika kwa pistoni, yeye anarudi juu winga wa adui anamusukuma. Dawa ni maatakanti wako wafunge mwenye anatoa pasi kule nyuma kwa adui, na mastopere wapande mita tano. Pistoni hawezi kupanda kama stopere wake hajapanda, ataacha shimo nyuma yake na yeye anajua.

Kuko na zingine ndogo. Adui akicheza na atakanti mumoja tu, watatu wako wanamulinda mumoja, wawili wako bure na kati unapungukiwa. Hapo stopere mumoja, mwenye miguu mizuri zaidi, abebe mupira apande nao paka kati, alazimishe mutu wa adui kumufuata. Adui akikuja na watatu mbele wanashika mastopere wako mutu kwa mutu, ile faida ya kutoa mupira inaisha, na kama kipa wako hajue kucheza na miguu itakuwa siku ndefu. Leverkusen yenyewe, mechi 51 bila kupoteza mu mashindano yote, ilikuja kupoteza finali ya Europa League ya Dublin tarehe 22 Mei 2024 mbele ya Atalanta ya Gasperini, 3-0, magoli yote ya Lookman. Na Atalanta pia ilikuwa na watatu nyuma na mapistoni, lakini ilifuata watu uwanja muzima, mutu kwa mutu, Leverkusen ikakosa hewa. Goli ya kwanza ni krosi ya pistoni Zappacosta, Lookman akatokea mugongoni mwa Palacios wa Leverkusen mwenye hakumuona.

Na mapafu. Pistoni anakimbia kuliko mutu yeyote. Uliza sheria ya mashindano munacheza inaruhusu kubadilisha watu wangapi, na wawili kati yao wahesabie mapistoni tangu asubuhi. Ekipe yenye haina pistoni wa akiba isijaribu.

Sasa kupanga.

Anza na mastopere wa pembeni. Usichukue warefu wawili wenye wanajua kichwa tu. Unatafuta mutu mwenye anaweza kusimama peke yake ku tushi mbele ya winga na asipanike, na mwenye akipewa mupira anaweza kupiga pasi ya mbele ya mita 20 chini chini. Mara mingi mutu kama yule unaye tayari, iko anacheza laterali. Kocha Conte alifanya vile Chelsea. Walipigwa 3-0 na Arsenal tarehe 24 Septemba 2016, akabadilisha kuwa 3-4-3, Azpilicueta mwenye alikuwa laterali na hata haiko murefu, mita 1.78, akamuweka stopere wa kulia, na Chelsea ikashinda mechi 13 za shampiona mufululizo, ikamaliza na pointi 93 na kombe. Watu wanakumbuka Moses na Marcos Alonso ku mapistoni, na walistahili, lakini Moses alikuwa winga, hakuwahi kujulikana kwa kukinga, na aliweza kupanda bila woga juu nyuma yake kulikuwa Azpilicueta. Laterali wako mukubwa mwenye anajua kukinga lakini hana tena nguvu ya kupanda na kushuka, yeye njo stopere wako.

Kisha pistoni. Mutoto wa mbio ya mita 30 anavutia macho, lakini tafuta mwenye anarudia mbio. Mufanyie hivi: akimbie kutoka boksi moja paka boksi ya pili, apumzike sekunde 20, arudi, mara nane. Usiangalie mbio ya kwanza, kila mutu iko muzuri ku ya kwanza. Angalia ya saba na ya nane, na angalia akisha kufika anafanya nini: ameinua kichwa ama ameweka mikono ku magoti. Van Gaal, kocha wa Uholanzi mu kombe la dunia la 2014, alimutumia Dirk Kuyt pistoni, atakanti wa myaka 33, juu alikuwa na mapafu na anasikia maagizo. Wakubwa wanakumbuka Brazil ya 2002, Cafu na Roberto Carlos, ile ni kiwango chenye hatutapata mu kartie, lakini nyuma yao pia kulikuwa watatu, Lúcio, Edmilson na Roque Júnior, wale njo waliwapatia uhuru.

Muguu pia. Pistoni wa kushoto awe na kushoto kama inawezekana, juu hana winga wa kumusaidia, krosi ni yake. Masuaku wetu wa Kongo alipiga ile goli ya West Ham juu ya Chelsea tarehe 4 Desemba 2021, 3-2, kutoka kule pembeni kushoto, mupira wenye ulionekana kama krosi ukamupita kipa ku nguzo ya karibu. Mupira wa kuzunguka kati ya kipa na mustari wa defense ni hatari ata kama hakuna mutu anaugusa. Wafundishe watoto krosi ile, waachane na kutupa mipira juu mu hewa.

Libero awe mutu wa kusema. Maneno yasiwe mingi, tatu inatosha: "Toka!" kwa stopere, "Baki!" kwa stopere, "Ndani!" kwa pistoni wa upande wa pili. Stopere hana macho nyuma, anaamini ile sauti. Libero kimya ni hatari kushinda libero muzito.

Kwa mapistoni kupanda, anza na sheria rahisi: wasipande juu kabisa wote wawili kwa saa moja wakati mupira ungali nyuma kwenu. Wa upande wa mupira anapanda, mwenzake anasimama katikati ya njia, karibu na mustari wa kati, na anaingia kidogo ndani. Mupira ukipita kati na pistoni wa kwanza akiwa tayari kutoa krosi, pale wa pili anakimbia kwenda nguzo ya mbali. Hata kwa mbio asichelewe, asiwahi pia, juu akiwahi laterali atamuona.

Kuifundisha, antrenema mbili za muhimu. Ya kwanza, weka watano wako wa nyuma upana muzima wa uwanja, weka sita mbele yao wanapitishiana mupira bila kukimbia, kushoto kulia, kushoto kulia, na watano wanasogea kila pasi. Mupira ukifika ku tushi simamisha kila kitu, pima fasi kati ya mutu na mutu. Mutoto akiona kwa macho yake mita 20 kati ya yeye na libero, atakumbuka kuliko umwambie mara kumi. Kisha ongeza mbio, kisha waruhusu sita wapige golini. Ya pili, pistoni na stopere wake juu ya laterali na winga, wawili juu ya wawili, pembeni tu, mu mustatili wa mita 25 kwa 15. Hapo njo wanajifunza saa ya kuruka na saa ya kubaki, na wanaanza kusikiliziana. Hii ya pili ifanye kila juma, ata kama muko na muda mufupi, ata kama watoto wanalia wanataka kupiga mashuti.

Usibadilishe sistemu juma la mechi kubwa. Manchester United ilipomuchukua kocha Amorim mu Novemba 2024 akaweka 3-4-2-1 katikati ya musimu, ku wachezaji wenye walikuwa wamezoea wanne nyuma, walimaliza fasi ya 15 na pointi 42. Kama ekipe ile yenye inafanya antrenema kila siku ilihangaika, yenu yenye inakutana jioni mara mbili mara tatu kwa juma inahitaji mechi za kirafiki za kutosha kwanza.

Mu mechi yenyewe, uwe na mulango wa kutokea. Mukizidiwa pembeni, bila kutoa mutu yeyote: stopere wa kulia anakuwa laterali wa kulia, pistoni wa kulia anapanda anakuwa winga, pistoni wa kushoto anashuka anakuwa laterali wa kushoto, libero na stopere wa kushoto wanabakia kati. Umekuwa na wanne nyuma kwa neno moja. Ndiyo sababu ingine ya kuchagua stopere mwenye aliwahi kucheza laterali. Mufanye mazoezi ya kugeuka vile, muipatie jina, ili siku ile upige kelele moja tu kutoka ku tushi.

Na ukikutana na ekipe yenye inacheza na mapistoni, wewe uko na wanne nyuma, waambie mawinga wako wabakie juu na wapana, wasirudi kulinda kila saa. Pistoni wa adui akiona winga amesimama nyuma yake ataogopa kupanda, na akipanda, mukinyanganya tu mupira, pasi ya kwanza iende ile fasi yake, bila kugeuka, bila kuzuia. Chagua upande wenye stopere wao iko muzito ama anaogopa kutoka, utamujua mu dakika kumi za kwanza, tuma mipira miwili pale umuone anafanya nini. Atakanti wako asikimbie kwenda pembeni kumufuata winga, abakie kati ya libero na stopere wa pili, juu stopere akisha kutoka, fasi itafunguka pale mbele yake.